Pima Ibada Yako kwa Siku Mbaya

Kipimo cha ibada yako ya kila siku usikichague siku uliyotoka kwenye semina ukiwa umewaka moto. Kichague ukifikiria siku umerudi nyumbani saa nne usiku, umeme umekatika, kichwa kinagonga, na kuna mtu mmegombana kazini ambaye bado unamjibu moyoni. Unachoweza kumtolea Mungu usiku ule bila kujidanganya ndicho kipimo chako halali. Kinachozidi hapo ni nyongeza. Najua ushauri huu unanuka uvivu, hasa kwa Wakristo waliozoea kuhimizwa kufunga zaidi na kukesha zaidi. Lakini tazama kinachotokea kila mwaka. Mkesha wa mwaka mpya unakwisha, mfungo unatangazwa, na mpango wa kusoma Biblia nzima unabandikwa ukutani. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189, kwa hiyo mpango unadai sura tatu hadi nne kila siku. Kitabu cha Mwanzo kinasomwa kwa raha, nusu ya kwanza ya Kutoka inakwenda vizuri, kisha msomaji anafika kwenye vipimo vya hema na sheria za Mambo ya Walawi, mtoto anaugua, siku nne zinapita, na deni la sura kumi na tano linamkodolea macho. Kufikia Pasaka ameacha kabisa, tena ameacha na aibu. Hiyo ndiyo nguvu ya soda, na tatizo lake haliko kwenye nia ya mtu. Liko kwenye kipimo alichokichagua siku ambayo hakuwa na taabu yoyote.

Maandiko yenyewe yanaelekea upande wa kidogo cha kila siku kuliko tunavyokiri. Katika Kutoka 16 Waisraeli wanapewa mana, lakini wanapewa ya siku moja. Aliyeweka akiba mpaka asubuhi alikuta imeingia funza na kunuka, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Mungu aliyeweza kuwashushia chakula cha mwezi mzima aliona ni bora watoke hemani kila asubuhi. Danieli, sheria ya kumtupa kwenye tundu la simba ilipotiwa sahihi, hakuanzisha maombi maalumu. Alipanda chumbani akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani, na ni desturi hiyo ndiyo maadui zake walioitumia kumnasa, kwa sababu walijua saa zake. Injili ya Luka ndiyo pekee inayosema msalaba hujitwikwa kila siku. Mathayo na Marko wanataja msalaba bila kutaja siku. Luka huyo huyo, akieleza mfano wa mpanzi, ndiye anayesema kwamba mbegu ya udongo mzuri huzaa kwa kuvumilia. Na ule udongo wa mwamba? Huko ndiko neno lilikopokelewa kwa furaha. Yesu hakuilaumu furaha, ila alionyesha kwamba pasipo mizizi haifiki mbali.

Hapa mtu atanikumbusha Damasko. Paulo hakukua kidogo kidogo, ataniambia. Aliangushwa chini njiani akainuka mtu mwingine. Na Pentekoste ilikuja ghafla, kwa kishindo, si kwa ratiba. Ni kweli, na sina haja ya kupunguza ukweli huo. Lakini soma pia kurasa zinazofuata na zinazotangulia. Paulo mwenyewe, katika waraka kwa Wagalatia, anasema baada ya kuitwa alikwenda Arabuni, akarudi Damasko, na miaka mitatu ikapita kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Kisha anataja miaka 14 kabla ya kupanda tena. Miaka hiyo kwa sehemu kubwa haina habari. Wahubiri hawaihubiri kwa sababu hakuna cha kusimulia, na huko ndiko mtume alikokomaa. Kuhusu Pentekoste, Matendo ya Mitume yanaeleza kwamba watu wapatao 120 walikuwa wamedumu pamoja katika kusali kabla ya upepo kuvuma, na baada ya watu elfu tatu kubatizwa, sentensi inayofuata inahusu kudumu: katika mafundisho, ushirika, kuumega mkate na sala. Kishindo kilikuwa cha siku moja. Kudumu kulikitangulia, na kudumu kukakipokea.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Wamoravian waliokuwa wametoka kugombana wao kwa wao walipatana, wakaanza zamu ya maombi ya mchana na usiku iliyoendelea kwa takriban miaka 100. Ukiisikia habari hiyo unawaza majitu ya imani. Utaratibu wao ulikuwa wa kawaida sana: kila mtu alichukua saa yake moja, akamaliza, akaenda kulala au kufuma nguo, na mwenzake akapokea. Watu hao hao tangu mwaka 1731 wamechapisha kijitabu chenye andiko fupi kwa kila siku ya mwaka, na bado kinachapishwa. Kanisa lililoishi kwa andiko moja kwa siku ndilo lililotuma wamisionari wake visiwani Karibi na Greenland likiwa bado na watu wa mamia tu, na mwaka 1891 wakafika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, ambako kanisa lao lingali hai. Kwa hiyo usiogope kipimo kidogo. Zaburi ya 117 ina aya mbili tu. Ukiisoma kwa sauti, ukasali Baba Yetu taratibu, ukamtaja Mungu mtu mmoja kwa jina lake, hujafika dakika tano. Hicho kinatosha kuwa kipimo cha siku mbaya. Siku nzuri utasoma sura nzima na kusali nusu saa, na utafurahi, ila usiruhusu siku nzuri igeuke kuwa sheria ya siku mbaya.

Kipimo kikishapatikana, kifunge kwenye jambo unalolifanya tayari bila kukumbushwa. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watu 96 kwa siku 84, kila mmoja akijaribu kujenga tabia moja ndogo iliyofungwa kwenye wakati maalumu, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kuwa ya kujiendea yenyewe, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tabia nyepesi zilishika mapema kuliko nzito. Na hili ndilo ningependa ulishike zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo mzima. Utafiti huo haukuwa wa sala, wala sidai Roho Mtakatifu anapimwa kwa jedwali. Lakini mwili unaopiga magoti ni ule ule unaopiga mswaki, na Mungu hakutupa mwili mwingine wa kanisani. Sali basi baada ya kupiga mswaki, au gari la kazini likishaondoka kituoni, au ukishawasha jiko na kabla maji hayajachemka. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kwanza, maana ujumbe wa kikundi cha harusi hauna heshima kwa Isaya. Ukiweza, tumia kitabu cha karatasi. Ni ushauri wa kizee, lakini kitabu hakipigi kengele.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa Wakristo wenye msimamo, na lina pande mbili. Upande wa kwanza unasema: haya yote ni matendo, nasi tumeokolewa kwa neema. Nakubali tumeokolewa kwa neema, na yeyote anayehesabu siku zake za kusali ili amdai Mungu kitu amekwisha kupotea njia, hata kama hakukosa siku. Lakini Paulo yule yule aliyewakemea Wagalatia kwa kurudia sheria ndiye aliyewaandikia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa, akitoa sababu kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao. Kwake neema ilikuwa sababu ya kufanya kazi, haikuwa ruhusa ya kulala. Upande wa pili unasema: sala ya ratiba inakuwa mazoea makavu, na Yesu alikataza kupayukapayuka. Ndiyo, alikataza maneno mengi ya watu wanaodhani watasikiwa kwa wingi wake, na mara tu baada ya kukataza akawapa wanafunzi sala fupi yenye maneno maalumu. Yeye mwenyewe, Luka anasema, aliingia sinagogi siku ya Sabato kwa sababu ilikuwa desturi yake. Mazoea yana hatari, sikatai: unaweza kusali Baba Yetu mwaka mzima ukiwaza kodi ya nyumba. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kubadilisha zaburi, kusali kwa sauti, kusimama kama umezoea kukaa. Anayeacha kusali kwa kuogopa mazoea hapati sala yenye uhai kuliko ile. Anabaki bila sala.

Kuhusu muda sitasema mengi. Danieli alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliosimamia maliwali 120 wa ufalme, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba hakuelewa maana ya kazi nyingi. Hata hivyo mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu na mama anayenyonyesha wana haki ya kukataa mahubiri ya alfajiri saa kumi na moja. Asubuhi si takatifu kuliko saa nyingine. Mlinzi atasali anapoanza zamu, mama atasali mtoto anaponyonya, na wote wawili watakuwa wamesali.

Sasa siku utakayokosa, maana utakosa. Kanuni ni kwamba usilipe deni. Usisome sura sita kesho ili kufidia. Soma ya kesho tu, na ile iliyopita iache ipite. Deni la ibada ndilo linalowafukuza watu wengi kuliko dhambi kubwa, kwa kuwa kila siku linaongezeka na kila siku kufungua Biblia kunakuwa kama kufungua barua ya benki. Ila tofautisha kukosa na kukosea. Kama ulichofanya kimemuumiza mtu, kurudi kwenye zaburi yako kesho yake hakutoshi. Zakayo hakusema ataanza kuhudhuria sinagogi. Alisema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Vivyo hivyo, uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa majirani si kwa nyimbo tu, bali kwa watu waliobeba vitu walivyoiba zamani wakavirudisha kwa wenyewe. Hapo ukuaji wa mwaka mzima unaweza kuwa ndani ya alasiri moja ya aibu, ukimpelekea mtu fedha yake.

Kuna majira ambayo hutakosa hata siku moja na bado hutasikia chochote. Neno halisemi, wimbo haugusi, na sala inagonga dari. Ignas wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichapishwa mwaka 1548, alitoa kanuni ambayo sijaona iliyo bora: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa faraja. Usihame kanisa, usivunje nadhiri, usifute ratiba. Ngoja. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizotolewa kama kitabu mwaka 2007, ziliwashangaza wengi kwa kuonyesha kwamba karibu miaka 50 aliishi bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku kila siku akiamka kusali na kuwaosha watu waliokuwa wakifa. Wapo waliosema basi alikuwa mnafiki. Kwangu mimi hukumu hiyo inadhani kwamba imani ni hisia, na kwamba asiyehisi anadanganya. Kama ni hivyo, mke anayemuuguza mumewe aliyepooza, siku asiyohisi mapenzi, anadanganya pia. Jambo moja tu la tahadhari: ukavu wa kiroho na ugonjwa wa sonona hufanana kwa sura. Kama wiki zinapita huli, hulali, na hata mambo uliyoyapenda nje ya kanisa yamekufa ladha, nenda hospitali, na usimruhusu mtu akwambie kwamba kumwona daktari ni upungufu wa imani.

Usidumu peke yako. Kwenye jambo hili historia haina ubishi. John Wesley alipokuwa akihubiri Uingereza maelfu walilia viwanjani, lakini kilichowashika baada ya machozi ni vikundi vya watu wapatao 12 vilivyoanza Bristol mwaka 1742. Na vilianzaje? Jumba la mikutano lilikuwa na deni, ikaamuliwa kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na mkusanyaji awazungukie watu wake nyumbani. Huko milangoni wakusanyaji wakakuta ulevi, ugomvi na njaa ambavyo hakuna aliyeviona jukwaani, na mchango ukageuka uchungaji. Uamsho wa Afrika Mashariki nao ulidumu baada ya joto la mikutano mikubwa kwa sababu ya ushirika wa kila wiki, ambamo ndugu walitembea nuruni, yaani waliungama mambo yao mbele ya wenzao bila kupambapamba. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970 waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, na leo ni nadra kupata mtaa wenye Wakatoliki usio na jumuiya yake. Tafuta basi watu wawili au watatu wanaoweza kukuuliza swali la wazi na kukutunzia siri. Kuwa makini na la pili. Kikundi ambacho mambo yaliyoungamwa Jumatano yako sokoni Alhamisi hakifai, hata kiwe na maombi ya moto namna gani. Ondoka kwa adabu utafute kingine.

Swali la mwisho ni jinsi ya kujua kama unakua. Usihesabu sura. Isaya 58 inawataja watu waliofunga kwa bidii na kumtafuta Mungu kila siku, na siku hiyo hiyo ya mfungo wakawakandamiza wafanyakazi wao. Mungu hakuipokea saumu yao. Uaminifu wa kila siku una upande huo wa pili ambao vitabu vya ibada huupitia haraka. Kama unauza nyanya, uaminifu huo uko kwenye kipimo unachouzia. Kama unanunua mazao kijijini, uko kwenye gunia la lumbesa unalolikataa ingawa wenzako wote wanajaza. Kama una ofisi, uko kwenye faili la mtu asiye na chochote cha kukupa, na kama una msichana wa kazi, uko kwenye mshahara wake unaolipwa tarehe ile ile mliyokubaliana. Matunda tisa ya Roho yaliyotajwa katika Wagalatia 5 karibu yote yanahitaji mtu wa pili ili yaonekane. Hakuna anayeweza kuwa mpole chumbani peke yake. Kwa hiyo muulize mtu unayeishi naye, baada ya miezi sita, kama umekuwa rahisi zaidi kukaa nawe. Jibu lake litakuwa sahihi kuliko daftari lako. Na usidai kuona matokeo makubwa. Johannes Rebmann alifika pwani ya Kenya mwaka 1846, akakaa miaka 29 akihubiri Rabai na kukusanya msamiati wa lugha za huku, na alipoondoka mwaka 1875 macho yake yalikuwa yamepofuka na waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Kanisa la pwani lilikua baadaye, wakati yeye ameshafariki.

Kipimo ukikiongeza, kiongeze baada ya miezi, na kidogo. Ukiona umeanza kukikwepa, kirudishe kilipokuwa bila kuona haya. Mpango wa Biblia nzima uache mpaka kipimo chako kiwe kimekua. Agano Jipya lina sura 260, na ukisoma sura moja kwa siku tano za wiki utalimaliza kwa wiki 52 kamili, ukiwa na Jumamosi na Jumapili za kupumzika. Ukiona hata hilo ni kubwa, anza na Marko, Injili fupi kuliko zote. Ina sura 16. Ukianza Jumatatu hii kwa mwendo huo, utaifunga Jumatatu ya wiki ya nne.